SOMO: Mtoto akijitupa chini kwa hasira (miaka 1 hadi 4)

Swali ni lile lile kila wiki: "Anajigaragaza, anapiga kelele, nifanyeje?" Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena mpeni hili.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kuzuia hasira, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Wa miaka 2 hakukomoi. Amezidiwa, na anajifunza kutulia kwa kutulizwa.

1. Ondoa kinachoweza kumuumiza.

2. Angalia njaa, usingizi, joto, ugonjwa. Mara nyingi kazi huishia hapa.

3. Tulia wewe kwanza. Shusha sauti, chuchumaa macho yenu yalingane.

4. Itaje hisia yake, kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Sema: "Umekasirika. Ulitaka kuendelea kuchezea maji, nami nimefunga bomba." Basi. Usiongeze "si nilikuambia?", usimuulize kwa nini analia, kichwa chake hakina nafasi ya maswali saa hiyo. Tazama mwili wake: ngumi zitafunguka, mabega yatashuka, zitabaki kwikwi, halafu atakutafuta kwa macho. Ukianza kuhubiri kabla ya hapo, moto unawaka upya.
ANGALIZO: usimtishie kwamba utamwacha. Usimwambie "hakuna kitu hapo", maana kwake kipo. Na kutaja hisia si kumpa anachotaka. Bomba linabaki limefungwa.

5. Akishatulia, funzo la sentensi moja: "Ukikasirika niite, usipige." Mwendelee na mengine.

MASWALI

Mdau: Mbona ndefu hivyo? Nimchape au nisimchape?
Jibu: Usimchape. Soma hatua ya 3 na ya 4.

Mama Kichanga: Wangu ana miezi 3. Nikimbeba kila akilia si atadeka?
Jibu: Hatadeka, mama, mbebe. Silvia Bell na Mary Ainsworth walichapisha utafiti wao mwaka 1972: watoto walioitikiwa upesi miezi ya mwanzo hawakulia sana kama wenzao kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza. Kilio cha kichanga hupamba moto karibu na wiki ya 6, kisha hupungua. Ukihisi unazidiwa, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache upumue. Usimtikise kamwe, hata kidogo. Ubongo unaweza kuvuja damu.

Mdau: Nimejaribu, haifanyi kazi.
Jibu: Ana umri gani? Ulimwambia nini? Ulijaribu siku moja au mwezi? Bila hayo sina cha kukujibu.

Baba Mpya: Wa miezi 9 alikuwa anaenda kwa kila mtu. Sasa nikitoka tu chumbani, kilio. Tumekosea wapi?
Jibu: Hamjakosea, kaka, na umefanya vizuri kuuliza. Ameshajua kwamba ukitoweka bado upo mahali fulani, ila hajui kama utarudi. Chezeni kujificha uso kwa kitambaa, aone unaondoka na kurudi. Na ukitoka muage, hata kama atalia. Usiondoke kwa kunyata; akishtukia haupo, kesho atakung'ang'ania zaidi.

Mama Mapacha: Sisi kabla ya kulala tunatazama picha za nyuso, wanataja nani kafurahi, nani kaogopa.
Jibu: Nzuri sana hiyo! Kwa wadogo anzeni na furaha na huzuni tu. Woga na hasira wengi huchelewa kuvitofautisha. Nao wakuulize wewe leo umejisikiaje, uwajibu kweli.