Kugeuza Picha za Maua Kuwa Vipuli vya Plastiki

Plastiki ya kusinyaa ni polistirini iliyovutwa kiwandani ikiwa moto kisha ikapozwa haraka, na ikitiwa tena katika joto hujirudi: kipande cha sentimita 9 hubaki sentimita 3 hivi, huku unene wake ukiongezeka karibu mara 9. Wino uliokuwa umetandaa hukusanyika mahali padogo, na rangi hukolea mno. Waridi langu la kwanza, nililolipiga picha uani kwetu Mji wa Kale na kulichapa vivyo hivyo, lilitoka jeusi kama tende.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipausha picha. Katika programu yoyote ya picha, punguza ukolevu wa rangi hadi nusu hivi, mpaka ua lifanane na leso iliyofuliwa miaka mingi. Mbogainvilia ndiyo inayomfaa anayeanza, kwa kuwa rangi yake ni moja na kingo zake ni rahisi kukata. Asumini ni mtihani, kwani printa za kawaida hazina wino mweupe, na ukilichapa ua hilo kwenye plastiki inayopitisha mwanga, petali zake hazitaonekana kabisa. Tumia plastiki nyeupe, au piga picha ya kikuba kizima, ili kijani cha rehani kiyazunguke maua.

Printa iwe ya wino wa maji. Ya leza hutumia joto, na plastiki inaweza kusinyaa na kukwama humo ndani. Ikiwa plastiki yako haikutayarishwa kwa kuchapwa, isugue kwanza kwa msasa laini, kwa urefu na kwa upana, kisha uifute vumbi. Ikishachapwa, iache ikauke bila kuguswa. Kwa unyevu wa hewa ya Mombasa, hasa wakati wa masika, mimi huilaza usiku kucha.

Kata kwa mkasi ukiviringisha pembe, maana zikishaoka huwa kali na huchoma kama miiba. Tundu la kupitishia pete ya kuning'inizia kipuli litobolewe kabla ya kuoka, na kitoboa karatasi cha kawaida kinatosha, kwani tundu lake la milimita 6 litabaki milimita 2 hivi.

Pasha oveni hadi nyuzi 160 za Selsiasi, fungua madirisha, kisha uweke vipande kwenye trei juu ya karatasi ya kuokea. Punde vitajikunja kama majani ya mgomba juani, na hapo ndipo wengi huingiwa na hofu wakavitoa. Vistahimilie: kwa kawaida, katika dakika 2 au 3 vitajilaza vyenyewe. Vitoe, uvikandamize papo hapo kwa kitako cha sufuria kilicho bapa. Ukitaka ua lenye kina, libinye ndani ya upawa likiwa bado moto, ukivaa glavu ya jikoni.

Vikishapoa, vipake vanishi tabaka mbili nyembamba, kwani wino wa maji huchuja kwa jasho, na jasho la shingoni hapa kwetu halikosekani.