Supamaketi imefunguliwa karibu na duka lako? Piga hesabu kwanza, usikimbilie kushusha bei

Wenye maduka wengi supamaketi ikifunguliwa jirani wanachofanya kwanza ni kushusha bei, na ndo kinachowamaliza. Chukua kalamu. Kitu umenunua 80 unauza 100, faida 20. Ukishusha mpaka 90, faida imebaki 10, kwahiyo inabidi uuze mara mbili ya mwanzo ili tu upate hela ileile ya jana, sasa hao wateja wa kuongezeka watoke wapi wakati ndo kwanza wamepungua? Hata ukishusha mpaka 95 tu bado mauzo yanatakiwa yapande kwa theluthi moja, na kodi ya fremu haijashuka. Naumia sana nikiona duka la miaka mingi linafungwa kwa hesabu ambayo ingepigwa jioni moja.

Pia zile bei za supamaketi za kushangaza mara nyingi ni za vitu vichache tu, vile ambavyo kila mtu anazijua bei kwa kichwa, anaviuza bila faida au hata kwa hasara ili watu waingie, halafu faida anaivuna kwenye vile vingine ambavyo mteja anatupia tu kwenye kikapu bila kuangalia. Kwahiyo nenda pale kama mteja, andika bei za vitu 30 unavyouza sana, rudi ulinganishe na zako. Usishangae ukikuta vingine yeye ndo yuko juu. Kwenye vile vichache vinavyojulikana bei usipishane nae mbali, kubali faida ndogo, vingine acha bei yako ilivyo.

Stoo nayo ipekue. Kitu chenye faida ya 5 kinachotoka kila wiki kinakupa 260 kwa mwaka, chenye faida ya 40 kinachotoka mara mbili kwa mwaka kinakupa 80 na muda wote kimelalia mtaji wako. Vilivyododa uza hata kwa bei ya kununulia.

Sasa hapa ndo penye nguvu: nunueni pamoja. Mkubwa anapata bei nzuri kwasababu anabeba mzigo mkubwa, na hilo wadogo wanaliweza wakiungana. Uholanzi mwaka 1932 mfanyabiashara wa jumla Adriaan van Well aliona kampuni zenye matawi mengi zinawabana wenye maduka binafsi, akawaunganisha, ndo ukazaliwa umoja wa maduka wa Spar ambao leo uko nchi nyingi. Marekani walishaanza kitu kama hicho mwaka 1926, umoja wa maduka unaoitwa IGA. Nyie anzeni watano au sita, tena na bidhaa moja tu ambayo wote mnauza. Kila mtu atoe hela yake kabla ya oda, mzigo ukifika ugawanywe siku hiyohiyo mbele ya wote, na wa kwenda kununua awe anabadilika. Msikopeshane humo ndani, kabisa, mara nyingi umoja wa namna hii unafia hapo.

Na mteja usimnunie. Hela ni yake na ana haki ya kuchagua, hilo ndo soko huria. Zamani mteja alikuwa anasimama kaunta anataja anachotaka, mpaka Clarence Saunders mwaka 1916 kule Memphis, Marekani, akafungua duka la Piggly Wiggly ambapo mtu anapita mwenyewe kwenye shelfu anachagua, na watu wakapenda. Kama nafasi inaruhusu, wewe pia panga mzigo watu waone, washike, na bei iandikwe.

Waliohama, ukikutana nao waulize kwa upole kwanini. Wengine watakwambia ulikuwa unachelewa kufungua, au uliwajibu vibaya siku moja, wala sio bei. Halafu weka daftari dogo pale kaunta, kila mtu akiuliza kitu huna, andika hapohapo na tarehe. Kikiulizwa mara tatu ndani ya wiki, leta vipande vichache uone kama kinatoka.