Jinsi ya kuifanya AI ya mikopo ikuone, hata kama huna hati wala ajira

Mama lishe, bodaboda, machinga wa Kariakoo mpaka Mwanjelwa, hii ni ya kwenu. Najua benki ukienda unaulizwa dhamana na barua ya mwajiri na wewe huna hata kimoja, ila mkopo wa kwenye simu hauamuliwi na meneja, unaamuliwa na programu inayosoma miamala yako na kukisia kama utalipa au utaruka na hela. Ndo AI (akili bandia) hiyohiyo tunayoisikia kila siku, na wala sio ngeni, M-Pawa ya Vodacom na benki ya CBA ilianza kukopesha kwa staili hiyo toka 2014. Mashine haioni meza yako ya mihogo wala foleni ya wateja saa mbili asubuhi, inaona kinachopita kwenye laini yako basi.

Kwa hiyo anza na laini. Piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, usizozijua zifutwe, halafu chagua moja ya biashara na ukae nayo, maana kila ukibadili laini unaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Watu wengi wanauzia kwenye laini ya mume au ya mtoto, mwisho wa siku historia inajengeka kwa mwingine na wao wananyimwa. Chukua lipa namba. Makato yanauma, najua, sikwambii upitishe kila shilingi, ila sehemu ya mauzo ipite humo kila siku na hela ikae kidogo kabla hujaitoa yote kwa wakala.

Limiti ya kwanza itakuwa ndogo mpaka inakera. Kopa hiyohiyo kama una kazi nayo, lipa kabla ya siku, acha limiti ipande taratibu. Usikope huku ukalipe kule, hapo ndo watu wanazama.

Sasa na wewe iweke AI ikufanyie kazi. Apu za AI kama ChatGPT na Gemini zinaelewa Kiswahili, na kama kuandika kunakuchosha ongea kwa sauti. Jioni iambie hivi: "Nauza supu na chapati. Leo nimenunua nyama 20,000, unga 24,000, mafuta 9,000, mkaa 3,000. Nimeuza 78,000. Niwekee kwenye jedwali, nitajie faida." Itakupa 22,000, na uhakikishe kwa kikokotoo maana zinakosea hesabu mara nyingine. Ukifanya hivyo mwezi mzima una daftari la kumwonyesha afisa mikopo yeyote, iwe benki au SACCOS, na wewe mwenyewe utajua rejesho la kiasi gani biashara inaweza kubeba. PIN, namba ya NIDA na namba za kadi usiziandike humo kabisa.

Pia itumie kusoma masharti kabla hujabonyeza kukubali. Yanakili, yabandike, uliza napokea shilingi ngapi mkononi, narudisha ngapi, lini, na nikichelewa inakuwaje. Hapa naomba tuwe makini sana jamani. Tuseme apu inasema mkopo 100,000 wa siku saba, unaingiziwa 85,000 na unarudisha 100,000. Ukiurudia wiki nne umelipa 60,000 za ziada kwa kutumia 85,000 ileile, na hiyo ni kausha damu hata kama ina rangi nzuri na AI ndani. Na apu ya mkopo ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako, ifute saa hiyohiyo, kwa sababu ukichelewa kulipa ni mama mkwe na mchungaji wako watakaotumiwa meseji za kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitangaza apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, kwa hiyo kabla ya kupakua angalia kama mkopeshaji ana leseni ya BoT, tovuti yao ina orodha.

Ukinyimwa usikae kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, waandikie uombe binadamu alipitie ombi lako, wakikupuuza ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Omba na ripoti yako ya mikopo kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, Creditinfo au Dun & Bradstreet uone umeandikwaje. Ukikuta deni ulilolipa bado linasoma, peleka ushahidi kwa aliyekukopesha airekebishe, ndo maana zile meseji za marejesho usizifute hata simu ikijaa.