Namna ya Kusoma Wuthering Heights kwa Kufuata Majeraha

Kabla ya ukurasa wa kwanza, chukua karatasi uchore ukoo: akina Earnshaw upande mmoja, akina Linton upande wa pili, na Heathcliff, mtoto aliyeokotwa Liverpool, peke yake katikati. Mama na binti wote ni Catherine, usipochora utapotea.

Ninapofundisha riwaya hii ya Emily Brontë ya 1847, nawaambia wanafunzi wafuate mali kwanza, mapenzi baadaye. Heathcliff akiumizwa, weka alama pembeni. Akilipiza, weka nyingine. Hindley Earnshaw, kaka wa Catherine mama, alimnyima masomo na kumfanya kibarua wa shamba. Miaka mingi baadaye Heathcliff anamnasa kwa kamari na rehani, anachukua nyumba, kisha anamlea Hareton, mwana wa Hindley, bila kumfundisha hata kusoma. Jeraha ni lile lile, limehamia kwa mtoto asiye na kosa. Kwangu huo ndio moyo wa kitabu.

Sura ya 9 isome mara mbili. Catherine mama anamwambia Nelly, mtumishi anayesimulia sehemu kubwa ya kisa, kwamba kuolewa na Heathcliff kutamshusha hadhi. Heathcliff anasikia, anaondoka kabla hajasikia anavyopendwa. Nelly anamwona akitoka, wala hasemi papo hapo. Msimulizi huyo mchunguze sana.

Anayemwona Heathcliff shujaa wa mapenzi asome barua ya Isabella Linton, mke wa Heathcliff, sura ya 13.

Catherine mama anapofariki, sura ya 16, usikifunge kitabu. Zimebaki sura 18, na humo Cathy mdogo, yaani yule binti, anamfundisha Hareton kusoma. Weka alama hapo pia, kwa rangi nyingine.