Namna ya Kuichambua Soneti ya Wordsworth Kuhusu Dunia Iliyotuzidi

Kabla ya kuandika lolote kuhusu "The World Is Too Much with Us", soneti (shairi la mishororo 14) ya mshairi Mwingereza William Wordsworth iliyochapishwa mwaka 1807, isome kwa sauti, kisha upige mstari chini ya kila kiwakilishi cha nafsi. Utaona kwamba nafsineni, yaani msemaji wa shairi, anasema kwa wingi, akijihesabu miongoni mwa watu wanaomaliza nguvu zao kwa kuchuma na kutumia, hadi mshororo wa 9, ambapo ghafla anamtaja Mungu kwa ukali na kuanza kusema kwa umoja. Anzia hapo, kwa sababu shairi zima limeegemea badiliko hilo.

Lihusishe na umbo. Katika soneti ya Kiitalia, yenye sehemu ya mishororo 8 kisha nyingine ya 6, na ambayo vina vyake hapa ni ABBAABBA CDCDCD (herufi moja ni kina kimoja), lalamiko hutarajiwa kukoma mwishoni mwa mshororo wa 8, lakini Wordsworth analiacha livuke mpaka na kuishia kwenye kauli fupi ya mshororo wa 9, kwamba uzuri wa bahari na pepo hautugusi tena. Kuchelewa huko ndiko kunakoufanya mlipuko unaofuata usikike kama wa mtu aliyeshindwa kujizuia.

Vina navyo visipitwe. Mshororo wa 4, unaotaja zawadi chafu ya mioyo tuliyoigawa, una kina kimoja na wa 5 unaofuata mara moja, ambamo bahari inaufunulia mwezi kifua chake. Sisi tumejitoa kwa hasara. Bahari inajitoa bila kuuza kitu. Ukieleza hivyo, tashihisi, yaani kuipa bahari sifa za binadamu, itakuwa na kazi, tofauti na insha nyingi zinazoitaja tu na kupita.

Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza, ambayo ni muktadha wa shairi hili, yanastahili sentensi moja au mbili, si ukurasa, maana shairi lenyewe halitaji kiwanda wala moshi.

Ufikapo kwa Proteus na Triton, miungu ya bahari ya Wagiriki wa kale, usidai kwamba nafsineni ameiacha dini yake, wala kwamba amewaona. Anasema ni heri angekuwa mpagani aliyelelewa katika imani iliyochakaa, kwani hapo, akiwa amesimama kwenye uwanda anaoutaja, huenda angepata kumwona mmoja akichomoza majini au kumsikia mwingine akipuliza pembe yake, na upweke wake ungepungua. Katika insha yako, kwa hiyo, andika "angemwona", si "anamwona".