Kabla ya Kupeleka Shauri la Kipigo cha Ndoa Mahakamani

Nchini Hispania, sheria ya mwaka 2004 ilianzisha mahakama za ukatili dhidi ya wanawake, ambamo hakimu yuleyule huweza kushughulikia jinai ya kipigo, amri ya kumkinga aliyepigwa, talaka na malezi ya watoto. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mambo hayo yametawanyika katika ofisi mbalimbali, na anayeyaunganisha ni aliyepigwa mwenyewe.

La kwanza ni PF3, fomu inayotolewa kituo cha polisi, na afikapo aulizie Dawati la Jinsia na Watoto; aliyeumizwa vibaya atibiwe kwanza. Daktari anapoijaza, aliyepigwa ataje kila sehemu inayouma, hata michubuko iliyofichwa na kitenge, kwa kuwa "ana maumivu" ni maneno mepesi mbele ya hakimu kuliko urefu wa jeraha na mahali lilipo. Kabla ya kuirudisha kituoni atoe nakala, na kama anasafiri kwa Coaster kutoka Tukuyu (mvua ya Rungwe haibishi hodi) aiweke kwenye mfuko wa nailoni, nyingine aiache kwa mtu anayemwamini asiyeishi nyumba ile.

Pili, asichanganye jinai na ndoa. Kesi ya kupigwa ni ya Jamhuri: kwa kawaida huendeshwa na mwendesha mashtaka, aliyepigwa ni shahidi, wala halipi ada. Talaka ndiyo inayoanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuna mazingira ya pekee. Wazee wa ukoo wanaosisitiza "yamalizeni nyumbani" mara nyingi huyachanganya haya, na kwa maoni yangu anayenufaika ni mpigaji peke yake, ilhali kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinakataza mwanandoa kumchapa mwenzake hata kama mila inaruhusu.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Linalosahaulika zaidi ni dhamana. Mshtakiwa anaweza kupandishwa kizimbani asubuhi na jioni akawa amerudi nyumbani, kwa hiyo mahali pa kulala mama na watoto, sare zao za shule na nauli viandaliwe mapema, na afisa ustawi wa jamii aelezwe. Siku ya kesi apange pia usafiri wake, maana vijiji vingine vina gari moja tu la kurudia, na mshtakiwa atalipanda hilohilo.