Samaki wa dhahabu uani: usafi unaofaa na usafi unaoua

Kisa ni kilekile kila mahali. Bwawa la samaki wa mapambo limekaushwa Jumamosi, kuta zimesuguliwa kwa brashi mpaka zimeng'aa, maji mapya yamejazwa kutoka bombani, na kufika Jumatatu nusu ya samaki wanaelea tumbo juu. Mwenye bwawa anakimbilia dukani kununua dawa, ilhali hakuna ugonjwa wowote. Samaki wamepigwa na vitu vitatu kwa siku moja: klorini ya maji ya bomba, badiliko la ghafla la joto, na kupotea kwa bakteria waliokuwa wakiyasafisha maji yale bila kuonekana.

Samaki wa dhahabu ni mgumu kweli. Anavumilia baridi ya usiku wa Iringa au Limuru, na anavumilia maji ya nyuzi 30 za Dar es Salaam, mradi mabadiliko yaje polepole. Asichokivumilia ni taka zake mwenyewe. Amonia hutoka kwenye matamvua yake saa zote, na nyingine hutoka kwenye kinyesi na chakula kinachooza. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa na inayoliwa na mimea. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Wamejishikiza kwenye kuta, kwenye kokoto na ndani ya sponji ya chujio. Ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ukutani ndio makao yao. Ukiusugua wote, unaanza upya, na kuanza upya huchukua wiki 4 hadi 6.

Ukubwa kwanza, samaki baadaye

Pima urefu, upana na kina kwa mita, zidisha, kisha zidisha tena kwa 1,000 upate lita. Bwawa la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 70 lina lita 2,100. Hesabu lita 100 kwa kila samaki mzima, yaani wasizidi 20, na ni busara kuanza na 8 au 10, kwa sababu wale wa urefu wa kidole unaowanunua leo watafika sentimita 20 na zaidi, na watazaliana. Kina kisipungue sentimita 60. Bwawa la kina kifupi hupata moto mchana na kupoa usiku, na samaki hana pa kukimbilia ndege akitua.

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kivuli cha mwembe ni kizuri lakini majani na maua yake huanguka majini, huoza na kula oksijeni. Afadhali wavu wa kivuli uliotandazwa juu ya nusu ya bwawa. Ukingo uinuke sentimita 40 au 50 juu ya ardhi, ili maji ya mvua yasiingize udongo na mbolea ya bustani. Penye watoto wadogo, weka wavu wa chuma juu bila kujadiliana na mtu: mtoto huzama hata kwenye maji ya magotini.

Plasta mpya ya saruji inataka subira. Chokaa yake huyeyuka na kupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) kupita 9 au hata 10, na hapo ndipo hatari mbili zinapokutana. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo lenye sumu kali. pH ikifika 9, ni zaidi ya theluthi. Kinyesi ni kilekile, samaki ni walewale, ila sumu imezidi mara hamsini na zaidi. Jaza bwawa, acha siku 3 au 4, mwaga, rudia mara 3 au 4. Kuzisugua kuta kwa siki kati ya mjazo mmoja na mwingine kunaharakisha. Weka samaki pale tu pH inapokaa chini ya 8.5 kwa siku kadhaa bila maji kubadilishwa. Mwenye haraka atumie nailoni nzito ya mabwawa badala ya saruji.

Maji na chujio

Maji ya bomba yakae kwenye tangi lililo wazi saa 24 hadi 48 klorini ipungue; ukiyakoroga au ukiyarusha kwa pampu yatawahi zaidi. Kama huna tangi, nunua sodiamu thaiosalfeti, dawa ya kuondoa klorini: gramu 10 kwa lita 1,000 zinatosha kwa maji ya bomba ya kawaida. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza, imwage bwawani, ndipo ufungulie bomba. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini mara nyingi hayana oksijeni pia, kwa hiyo yaanguke kutoka juu yakiingia. Kisima cha pwani, yaonje kwanza: yakiwa na chumvi ya kutambulika ulimini, tafuta mengine au uyachanganye.

Chujio la kutengeneza nyumbani linafanya kazi vizuri kama la dukani. Chukua ndoo kubwa au pipa la lita 60. Maji kutoka kwenye pampu yaingie chini, yapite kwenye sponji nzito, kisha kwenye kokoto nyepesi zenye vitundu (mawe ya volkano ya upande wa Arusha na Moshi ni mazuri mno), yatoke juu na kuanguka bwawani kwa mporomoko mdogo unaoingiza hewa. Pampu izungushe maji yote ya bwawa kila saa 1 au 2. Kwa bwawa letu la lita 2,100 usinunue pampu iliyoandikwa lita 1,000 kwa saa, kwani namba ya kwenye boksi ni ya maji yasiyopandishwa kokote. Yakipanda mita moja na kupita kwenye sponji, hupungua sana. Chukua ya lita 2,000.

Umeme ukikatika ndipo wengi hukosea. Bakteria wa chujio wanahitaji maji yenye hewa yanayopita. Yakisimama saa kadhaa kwenye joto, hufa na kuoza, na umeme ukirudi pampu husukuma uozo wote huo kwa samaki. Kwa hiyo chomoa pampu. Umeme ukirudi, mwaga kwanza maji yaliyolala kwenye pipa, suuza kidogo, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huokoa bwawa zima usiku usio na umeme.

Kila wiki toa asilimia 10 hadi 20 ya maji kwa kuyafyonza chini kwa mpira, uondoke na tope lililotulia, kisha rudisha maji yaliyotayarishwa. Kuongeza tu yaliyokauka kwa jua hakuhesabiki: maji yanaruka kama mvuke, nitrati na chumvi zinabaki. Sponji isuuzwe ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lenyewe, kamwe si chini ya bomba, na isuuze nusu wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo. Mwani mfupi wa kijani ukutani uache, samaki wanauchumachuma.

Amka alfajiri uwaangalie

Saa 11 hadi 12 alfajiri ndiyo saa ya kulijua bwawa. Mwani na mimea hutoa oksijeni mchana na kuivuta usiku kucha, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hufikiwa kabla jua halijachomoza. Maji ya moto nayo hubeba hewa kidogo: miligramu 9 hivi kwa lita kwenye nyuzi 20, na 7.5 tu kwenye nyuzi 30. Ukiwakuta wote juu, midomo imetokeza ikifyonza hewa, na saa 4 asubuhi wamerudi chini wakicheza, si ugonjwa, ni uhaba wa oksijeni. Maji ya kijani kibichi kama supu ya mchicha ndiyo huleta hali hii zaidi. Punguza jua, punguza chakula, ongeza mporomoko wa maji usiku.

Wakibaki juu mchana kutwa, au matamvua yamegeuka rangi ya kahawia, shuku amonia au nitriti. Pima kwa vifaa vya matone. Vyote viwili vinapaswa kusoma sifuri. Visiposoma hivyo, acha kulisha, badilisha robo ya maji kila siku, na kwa nitriti weka chumvi ya kawaida kilo 1 kwa lita 1,000, maana chumvi huizuia isiingie kwenye damu.

Chakula

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Utumbo wake hupokea kidogo kidogo. Mpe kiasi atakachomaliza kwa dakika 2, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki asile kabisa. Atakuja kuomba kila akikuona, usimwonee huruma. Chembe ndogo za chakula cha sato zinazoelea, zenye protini asilimia 30 hivi, zinamfaa na ni nafuu kuliko vikopo vya dukani. Mchicha au njegere zilizochemshwa na kumenywa ni nyongeza nzuri. Mkate na pumba za kuku huvimba, huharibu maji na havimjengi.

Wageni, wadudu na ndege

Samaki mpya akae peke yake kwenye beseni kubwa au tangi lenye hewa kwa wiki 3. Mtazame pembeni, kwenye mwanga: vidoa vyeupe kama punje za chumvi, nyuzi nyembamba zinazoning'inia kwenye ubavu, au kijidudu bapa kinachotambaa kwenye magamba. Vidoa vyeupe hutibika kwa chumvi kilo 3 kwa lita 1,000, ikiwekwa kwa mafungu matatu ndani ya siku 3, kisha ikaachwa wiki 2 kabla ya kupunguzwa kwa kubadilisha maji. Toa mayungiyungi kwanza, chumvi itayaua. Nyuzi ni mnyoo nanga: mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, asikatike, na kwa kuwa mayai yameshamwagika majini, mwone afisa uvuvi au daktari wa mifugo kuhusu dawa ya bwawa zima.

Ukinunua, angalia mdomo. Wenye sharubu ni koi, huuzwa wakiwa wadogo pamoja na wa dhahabu, nao hupita nusu mita kwa urefu. Bwawa la uani haliwatoshi. Wenye mikia miwili na vichwa vya nundu, kama oranda, ni waogeleaji wazito, watanyang'anywa chakula na wenye mkia mmoja. Wafuge peke yao.

Mdiria na korongo wakishalijua bwawa hurudi kila siku, na uzi wa kuvulia uliozungushwa ukingoni hauwasumbui sana. Wavu ndio dawa. Viluwiluwi vya mbu samaki watavila wenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya kupulizia dawa ya mbu karibu na hapo. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, hata ile iliyopuliziwa kwenye maua na kupeperushwa na upepo.

Wakizaliana kupita kiasi, gawia majirani au rudisha dukani. Usiwamwage mtoni wala ziwani: wanachimbuachimbua tope na kula mayai ya samaki wa asili. Vivyo hivyo kwa gugumaji; likishazidi bwawani, litandaze juani likauke kabisa kabla ya kulitupa kwenye shimo la mboji.